Milimita Sita kwa Mwaka: Namba ya Bonde la Ufa Ambayo Wengi Tunaisoma Vibaya

Jumapili ya tarehe 23 Novemba 2025 asubuhi, volkano ya Hayli Gubbi kule Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, ililipuka. Hakuna maandishi yoyote yanayoonesha iliwahi kulipuka huko nyuma. Majivu yalipanda kilomita kama 14 angani, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman, na muda si mrefu mashirika ya ndege ya India yakawa yanafuta safari. Na kama kawaida yetu, majivu hayajatua magrupu ya WhatsApp yakajaa ile ramani: Afrika imekatwa vipande viwili, bahari imepita katikati, Somalia na nusu ya Kenya na kipande kikubwa cha Tanzania ni kisiwa kinachoelea peke yake, juu kumeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu AFRIKA INAPASUKA. Watu wanaforwadi, mmoja anauliza shamba lake la Kibaha litaangukia upande gani, mwingine anawapongeza Waganda kwa kupata bandari.

Wasomi wetu wana jibu lao la haraka kwa hao watu: tulieni, mabamba ya gamba la dunia pande mbili za Bonde la Ufa yanaachana kwa milimita sita hivi kwa mwaka, hiyo bahari mpaka ije ni mamilioni ya miaka, endeleeni na shughuli zenu. Kihesabu wako sawa. Ila mimi naona pande zote mbili, wa "inapasuka kesho" na wa "tulieni", wanaisoma vibaya hiyo hiyo milimita sita. Wa kwanza wanaifanya kubwa kuliko ilivyo. Wa pili wanadhani kwa kuwa mwendo ni mdogo basi na hatari ni ndogo, na kwa maoni yangu kosa hili la pili ndo limetugharimu zaidi, maana lenyewe haliishii kwenye WhatsApp, linakaa kwenye ofisi zinazotoa vibali vya ujenzi.

Turudi nyuma kidogo. Gamba la dunia limekatika vipande vikubwa, ndo hayo mabamba, na yanasogea. Alfred Wegener aliposema mwaka 1912 kwamba mabara yanatembea alichekwa, hasa kwa sababu alishindwa kueleza ni nguvu gani inayatembeza. Aliyemtetea sana wakati ule alikuwa mjiolojia wa Afrika Kusini, Alexander du Toit, aliyefunga safari mpaka Amerika Kusini kulinganisha miamba ya huko na ya kwao. Mwingereza Arthur Holmes, ambaye ujanani alikuwa Msumbiji akitafuta madini, ndo akaja na wazo kwamba mwamba wa moto huko chini unapanda ukiwa na joto na unashuka ukipoa, polepole mno, na mabara yanabebwa na huo mzunguko. Ubishi haukuisha mpaka miaka ya 1960 walipoipima vizuri sakafu ya bahari.

Leo inajulikana kwamba injini kubwa ya mabamba ni uzito: gamba la bahari likizeeka linapoa, linakuwa zito, linazama chini ya bamba la jirani na kuvuta lililobaki nyuma yake. Hapo ndo Afrika inakuwa kituko, kwa sababu sisi tumezungukwa karibu pande zote na migongo ya bahari, yaani safu za milima ya chini ya maji, inayozaa gamba jipya, Atlantiki huku, Bahari ya Hindi huku, na sehemu pekee ya maana ambako bamba letu linazama ni huko juu Mediterania. Sasa nani anapasua mashariki? Wengi wanasema ni bonge la mwamba wa moto linalopanda kutoka chini kabisa, karibu na kiini cha dunia, ambalo limeinua nchi kuanzia kusini mwa Afrika mpaka Ethiopia, na gesi zilizopimwa kwenye visima vya jotoardhi vya Menengai kule Nakuru, matokeo yakatoka mwaka 2025, zimewapa nguvu wenye hoja hiyo. Wengine wanasema ukishainua nchi juu namna hiyo, uzito wake wenyewe unatosha kuifanya itanuke pembeni. Mimi sioni kama hoja hizi zinauana, ya kwanza inaeleza nani kainua na ya pili inaeleza kinachofuata baada ya kuinuliwa, lakini wenyewe bado wanabishana na waache wabishane.

Cha kushika ni kwamba kuna bamba la Nubia magharibi, la Somalia mashariki, na katikati kuna kabamba kadogo ka Victoria, mwamba mzee, mnene, mgumu, ambao ufa umeshindwa kuupasua ukaamua kuuzunguka. Ndo maana bonde lina mikono miwili. Wa mashariki unapita Turkana, Baringo, Naivasha, Magadi, Natron mpaka Manyara, na wa magharibi unashuka na maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Katikati hapo hiko kabamba kenyewe kanajizungusha taratibu kinyume na mwendo wa saa, Mwanza na ziwa lake vikiwa mgongoni. Vipimo vya GPS vinaonesha kasi ya kuachana ni hiyo milimita sita hivi kule Ethiopia, na ukishuka kusini inazidi kupungua.

Tuanze na wa "inapasuka sasa hivi", na niwe mkweli, wana ushahidi mzito. Septemba 2005, hukohuko Afar karibu na volkano ya Dabbahu, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60, magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ikajichomeka chini kwenye huo mpasuko, na sehemu nyingine upana ulifika mita 8. Mita nane ndani ya wiki chache! Pale Afar bamba la Arabia nalo linajitoa, kwa hiyo kasi ni kubwa kuliko kwetu, tuseme kama sentimita mbili kwa mwaka, sasa piga hesabu, mita 8 ni mwendo wa miaka 400 uliolipwa kwa mkupuo. Anayesema bara linapasuka mbele ya macho yetu akinyoosha kidole Dabbahu, hajadanganya.

Shida inaanza pale hoja hiyo inapobebwa kutoka Afar na kuja kutuliwa popote penye shimo. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ulitokea mfereji wa kutisha karibu na Mai Mahiu, chini ya mlima Suswa, ukakata barabara ya kwenda Narok, na picha zake zikazunguka dunia nzima kama "bahari mpya inazaliwa Kenya". Ukiangalia zile picha bila haraka unaona kuta za shimo ni udongo wa majivu ya volkano, laini, wa rangi ya kahawia, hakuna mwamba mgumu uliokatika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yanapita chini kwa chini yanachimba handaki, mpaka siku paa lake likadondoka. Inawezekana kabisa kuna ufa wa zamani chini unaoyaelekeza hayo maji, hilo sikatai. Lakini kilichofungua shimo ile wiki ni mvua, na mafundi wa barabara walilijaza mawe magari yakaendelea kupita. Bahari haijazwi mawe na kampuni ya barabara.

Mtu anaweza kusema sawa, lakini kuna ubaya gani watu wakikosea hapo, angalau wamesisimka na sayansi. Ubaya upo na tuliuona Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Kitu cha kwanza kilichosambaa ni kwamba volkano ya Hanang imelipuka, ikabidi wataalamu wa serikali watoke kueleza kwamba hakuna mlipuko wowote, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji ikashindwa kujishikilia. Sasa angalia tofauti. Volkano ikilipuka huna wa kumuuliza. Lakini mteremko wa udongo wa volkano uliolegea, juu ya mji, msimu ambao mvua za El Niño zilishatabiriwa, hapo maswali yapo mengi: nani alipima huo mteremko, njia ya maji ilikuwa wapi, viwanja viligawiwaje. Stori ya bara kupasuka inayafuta hayo maswali yote kwa mkupuo, maana kila kitu kinakuwa kazi ya dunia na hakuna kazi ya halmashauri.

Halafu kuna jambo wachora ramani nyekundu hawalisemi kabisa: siyo kila ufa unafika kuwa bahari. Kaskazini mwa Kenya, kutoka upande wa Lamu kuelekea Turkana, kuna bonde la ufa la kale linaitwa Anza, lilianza kufunguka enzi za dinosaria kisha likaacha, leo limefukiwa na mchanga na ng'ombe wanapita juu yake. Nigeria kuna Benue, nalo lilianza wakati Amerika Kusini inajitenga na Afrika, likaishia njiani. Na hata kama letu litafika, milimita sita mara miaka milioni moja ni kilomita 6. Hiyo haifiki hata kutoka Kariakoo mpaka Mwenge. Jamaa wa shamba la Kibaha apande mikorosho yake bila wasiwasi.

Sasa tuje kwa wa "tulieni", ambao kwangu ndo kazi yenyewe ilipo. Hoja yao imesimama kwenye wastani, na wastani ndo unaowapoteza. Mabamba hayateleziani milimita sita kila mwaka kwa adabu. Umewahi kusukuma kabati zito kwenye sakafu ya simenti? Unasukuma, halisogei, unaongeza nguvu, halisogei, ghafla linaruka mbele hatua nzima. Miamba kwenye ufa inashikana hivyohivyo, inabana kwa miaka mia mbili, miaka elfu, milimita zinajikusanya kama deni, siku ikiachia inalipa zote kwa sekunde chache. Kwa hiyo mtu akikwambia mwendo ni mdogo, alichokwambia ni kwamba malipo yako mbali mbali, hajakwambia chochote kuhusu ukubwa wa kila lipo. Na kwetu kuna sababu ya kuamini malipo yanaweza kuwa makubwa: gamba la huku, hasa mkono wa magharibi, ni la kale, limepoa, ni nene, linavunjika mpaka kilomita 30 na zaidi chini, na ufa mmoja unaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 bila kukatika. Eneo kubwa likiachia kwa pamoja, tetemeko nalo linakuwa kubwa.

Wala hii siyo nadharia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa kama 7.4 lilipiga upande wa Rukwa na Tanganyika, na ni moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, Kenya, lilipiga la 6.9 likaacha mpasuko wa makumi ya kilomita juu ya ardhi. Toro, Uganda, 1966, likaua zaidi ya watu mia moja. Kalemie, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Desemba 2005, 6.8. Msumbiji, Februari 2006, 7.0, na hapo ni kusini kabisa ambako mwendo wa mabamba ni mdogo kuliko kote. Nenda Sumbawanga leo uulize watu mtaani kuhusu 1910, utaambulia patupu, na huwezi kuwalaumu, hata babu zao wengi walikuwa hawajazaliwa. Kule Japani mabamba yanakwenda haraka, kila kizazi kinatikiswa, kila fundi anajua. Sisi kizazi kimoja kinaweza kupita salama kabisa, kinajenga, kinakufa kikiwa na uhakika kwamba hapa kwetu hakuna tetemeko, na kinamwachia mjukuu nyumba ileile pamoja na uhakika uleule.

Bukoba ilikuwa hivyo. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la 5.9, ambalo kwa viwango vya Japani ni la kawaida tu, na chanzo chake kilikuwa makumi ya kilomita chini ambako kwa kawaida mtikisiko unafika juu umeshapungua nguvu. Likaua watu zaidi ya 15, likabomoa mamia ya nyumba, sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Picha za siku zile nilizitazama sana, na kinachoonekana ni kilekile nyumba baada ya nyumba: tofali za kuchoma zimeunganishwa kwa udongo, au kwa simenti iliyopunjwa, ukuta umepanda mpaka kwenye kenchi bila lenta, pembe za nyumba hazijafungwa na chochote. Ukuta wa namna hiyo una nguvu ukiubebesha bati kutoka juu, lakini ukiusukuma kwa ubavu unafunguka pembeni kwanza, halafu ule wa mbele unalala mzima mzima kwa nje. Lenta inayozunguka nyumba yote, nondo nne na zege lisilopunjwa simenti, inazifunga hizo pembe zikasimama pamoja. Fundi yeyote wa mtaani anaijua lenta. Anairuka kwa sababu mwenye nyumba hela imeishia kwenye tofali na hakuna mkaguzi atakayeuliza.

Dar nao wasijione wako mbali na haya. Agosti 12, 2020, usiku kama saa mbili na dakika kadhaa, tetemeko la karibu 6 lilipiga baharini kusini mashariki ya jiji, na lilisikika Zanzibar na mpaka Mombasa. Mimi nilikuwa mezani, maji ya kwenye jagi yakacheza, jirani wa juu akashuka ngazi na watoto wake peku. Dakika tano baadaye tupo wote nje kwenye paking tunapiga stori, tumesimama chini ya jengo lenyewe. Hakuna aliyetufundisha kwamba hapo ndo mahali pabaya kuliko pote pa kusimama.

Kuna pingamizi moja la wa "tulieni" ambalo nalipa heshima, la hela. Nchi ina zahanati zisizo na dawa na watoto wanaokaa chini darasani, kwa nini ihangaike na kitu kinachoweza kuja baada ya miaka 150? Ni swali la haki, na kama nilichokuwa naomba ni majengo ya kuhimili mitetemo kama ya Tokyo ningekaa kimya. Ila lenta siyo Tokyo. Na pia pingamizi hilo linachukulia kwamba ufa unatugusa siku ya tetemeko peke yake, wakati unatugusa kila siku. Kunywa maji ya kisima sehemu nyingi za Arumeru au Hai uone meno ya watoto yanavyokuwa ya kahawia, hiyo ni floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano, na vijiji vingine imeenda mbali zaidi mpaka miguu ya watoto imepinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwa sababu tukishusha kiwango vyanzo vingi vinafungwa. Juu ya maji hayo mama anaongeza magadi kwenye makande yaive haraka, na magadi yenyewe yametoka kwenye hilohilo bonde na floraidi yake ndani.

Upande wa faida nao ni hivyohivyo. Kenya walianza na megawati 15 pale Olkaria mwaka 1981, leo jotoardhi linatoa kama asilimia 40 ya umeme wao, na joto hilo lipo karibu kwa sababu gamba limetanuka likawa jembamba. Sisi huku Mbeya bado tupo kwenye kuchoronga, Ngozi na Kiejo-Mbaka. Heli ya Rukwa nayo ina stori hiyohiyo, gesi iliyokaa kwenye miamba mizee kwa muda mrefu sana, joto la ufa likaja kuifungulia. Wakati huo kijana wa kidato anakariri sifa za bonde la ufa kwa ajili ya mtihani, anajua kuchora vizuri kabisa mwamba uliodidimia katikati ya miwili iliyobaki juu, na nyumbani kwao Karatu au Mbeya hajui kwamba huo mchoro ndo dirisha la chumba chake.

Ukiniuliza basi hela kidogo tuliyonayo iende wapi, nitakwambia angalia Goma, mashariki mwa Kongo. Volkano ya Nyiragongo, jirani na mji huo, ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama pembezoni mwa mji, halafu ardhi ikaendelea kutetemeka siku kadhaa kwa sababu magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji wenyewe na chini ya Ziwa Kivu, ziwa lenye kilomita za ujazo karibu 300 za kaboni dioksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Mamia ya maelfu ya watu wakaambiwa wahame, wengine wakavukia Gisenyi na godoro kichwani. Mji ule ulishaunguzwa na lava Januari 2002, kwa hiyo kusahau haikuwa kisingizio. Kituo cha kuangalia volkano kipo palepale Goma, na wataalamu Wakongomani wanaoujua ule mlima vizuri wapo. Lakini msaada wa wafadhili ulikuwa umeisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea vipimo kutoka kwenye mashine za mlimani, ikarudi karibu na Aprili 2021, mwezi mmoja hivi kabla. Hapo tunaongelea bando na petroli ya kupandia mlimani. Kwa hiyo safari nyingine ile ramani nyekundu ikiingia kwenye grupu lenu na yupo diwani au mhandisi wa wilaya humo ndani, na siku hizi wamo kwenye magrupu yote, muulizeni mashine ya kupima mitetemo iliyo karibu na nyinyi ipo wapi, inafanya kazi au imekufa, na kwenye wilaya yenu nani anapanda ukutani kukagua lenta kabla bati halijapigwa.